Gari Lisilowaka Usiku wa Manane

Mjini Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, usiku hauna huruma. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo saa nane za usiku baridi huteremka kutoka milimani hadi katika mistari ya nyumba za askari, ikalowesha mabati na vioo vya magari. Usiku wa namna hiyo ndipo uchungu wa kuzaa ulipomshika mke wa koplo mmoja wa polisi. Ulikuwa ujauzito wake wa tatu, na mwanamke aliyekwisha kuzaa mara mbili hahitaji kuambiwa kwamba saa yake imefika. Alimwamsha mumewe kwa maneno machache: “Baba, tusingoje kuche.”

Koplo alikuwa amejiandaa. Mfuko wenye nguo za mtoto, beseni na kadi ya kliniki ulikuwa mlangoni tangu juma lililopita. Petroli ilikuwa nusu ya tangi. Gari lake, Toyota Corolla ya namba mia, ile ambayo mitaani nchini Uganda huitwa Kikumi, lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, pua yake ikielekea barabarani. Alipogeuza ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka vizuri, kisha gari likatoa sauti moja tu, “ka”, na kunyamaza. Akageuza tena. “Ka.” Akangoja kidogo, akakanyaga pedali ya petroli, akageuza kwa nguvu kana kwamba nguvu ya mkono ingefika hadi kwenye injini. Alifanya hivyo mara kumi na moja. Mara ya kumi na moja gari halikusema hata lile neno lake moja, na taa za dashibodi zilikuwa zimefifia kama makaa yanayozimika.

Mlio wa boneti ulimwamsha jirani yake, sajini aliyetumikia miaka mingi katika karakana ya magari ya jeshi la polisi. Alitoka amejifunga blanketi, tochi mkononi.

“Afande, gari limegoma,” koplo alisema. “Lakini betri ni nzima. Nimewasha taa kubwa, zinawaka.”

“Koplo, usiguse tena ule ufunguo,” sajini alijibu. “Kwanza niambie, mara ya kwanza kabisa lilisema nini?”

Swali hilo ndilo ambalo mwenye gari wa kawaida hajiulizi. Gari linapokataa kuwaka, karibu kila mtu hurudia kulewasha mpaka betri inaisha, na hapo ule ushahidi wa kwanza huwa umepotea. Maana gari lisilowaka si gari bubu. Sauti linayoitoa mara ya kwanza humweleza mwenye kusikiliza sehemu ya kutafuta, na sehemu zenyewe si nyingi. Ama stata haizungushi injini. Ama stata inazungusha lakini hakuna cheche. Ama cheche iko lakini petroli haifiki. Makosa mengine yapo, ila haya matatu ndiyo yanayowaacha watu wengi njiani.

Ikiwa stata haizunguki kabisa, au inazunguka kwa kuchoka kama mzee anayepanda ngazi, hakuna haja ya kugusa plagi wala kufungua mrija wa petroli. Kosa liko katika njia ya umeme baina ya betri na stata. Ikiwa stata inazungusha injini kwa nguvu na kwa mwendo wake wa kawaida, lakini injini haishiki, basi betri haina hatia, na anayetaka kununua nyingine atatupa fedha zake bure. Mpaka huo mmoja, wa kuzunguka na kutozunguka, ungeokoa mishahara mingi kama ungejulikana.

Turudi kwa koplo na taa zake kubwa. Yeye aliona taa zinawaka akasema betri ni nzima, na wengi husema hivyo hivyo. Taa mbili kubwa za mbele za gari dogo hutumia kiasi cha ampea 10 tu zikiwaka pamoja. Stata ya gari hilo hilo huhitaji ampea 100 au 150, na wakati wa kuanza kuisukuma injini iliyolala huhitaji zaidi. Njia iliyoziba nusu inaweza kupitisha maji ya kujaza kikombe, lakini haiwezi kuzima moto wa nyumba. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi. Ushahidi ni kile kinachozipata taa hizo wakati ufunguo unapogeuzwa.

Jaribio lenyewe ni rahisi na halihitaji chombo chochote. Mtu mmoja hukaa usukani, mwingine husimama mbele ya gari akitazama taa kubwa zikiwa zimewashwa. Ufunguo unapogeuzwa, taa zikifa au zikabaki wekundu tu, basi umeme hautoshi: ama betri imeisha, ama kuna kizuizi katika viungo vya waya zake. Taa zikibaki na mwanga wake wote na ile “ka” ikasikika, umeme upo lakini stata yenyewe haiupokei. Katika stata nyingi za Toyota vile vipande viwili vidogo vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi huwa vimelika, na gari huwaka mara ya saba au ya nane likasahaulika mpaka siku likatae kabisa. Taa zikibaki vile vile na hakuna sauti hata moja, kosa liko katika amri, si katika nguvu: swichi ya ufunguo, fyuzi, waya mwembamba wa solenoidi umechomoka, au, katika gari la gia zinazojiendesha, mkono wa gia haukukaa sawasawa kwenye P. Hili la mwisho limewafanya watu wazima kuita fundi kutoka mbali, naye akafika, akasukuma mkono wa gia mpaka N, gari likawaka, akadai nauli yake.

Sauti ya mfululizo, “tek-tek-tek-tek” ya haraka, ina maana yake pia. Ni solenoidi inayoshika na kuachia kwa sababu betri ina nguvu ya kuiamsha lakini haina nguvu ya kuendelea. Hiyo mara nyingi ni betri iliyoisha.

Gari la koplo lilisema “ka” moja nzito. Sajini aliuliza kama taa za dashibodi zilikufa wakati huo. Koplo akakumbuka kuwa zilikufa. Ndipo sajini alipofanya jambo ambalo koplo hakulitarajia. Hakuleta kipimo wala spana. Aliweka kiganja chake juu ya nguzo ya betri ya upande hasi, akakiondoa, akaweka juu ya nguzo chanya.

“Gusa,” alimwambia koplo.

Nguzo hasi ilikuwa baridi kama chuma chochote cha Kabale. Nguzo chanya ilikuwa na joto. Na tochi ilipomulikwa vizuri, ilionekana kwamba chini ya kile kifuniko chekundu cha plastiki kulikuwa na unga mweupe wenye rangi ya kijani, umeota kama ukungu juu ya mkate.

Umeme ukikuta kizuizi hugeuka kuwa joto. Nguzo iliyopata joto baada ya majaribio machache ya kuwasha ndiyo iliyoficha kizuizi. Unga ule hutokana na mvuke wa asidi unaopenya pembeni mwa nguzo ya risasi na kula chuma cha kishikio cha waya. Haupitishi umeme wa kutosha. Kishikio kinaweza kuwa kimekazwa kweli kweli, mwenye gari akakitikisa na kukiona hakichezi, kumbe baina yake na nguzo kuna ngozi nyembamba ya unga kama karatasi, na ngozi hiyo inatosha kulilaza gari.

Sajini aliomba maji ya moto. Mama aliyeketi kitandani akihesabu uchungu wake alisikia, akasema kwa sauti tulivu, “Sufuria iko jikoni, shemeji, nilikuwa nimechemsha ya chai.” Koplo alilichukua. Kabla ya kumwaga, sajini alilegeza nati ya upande hasi kwa spana namba 10, akauondoa waya huo kwanza. Mpango huo si desturi tu ya mafundi. Waya hasi umeunganishwa na bodi yote ya gari. Mtu akianza na chanya, kisha spana yake ikagusa chuma cha bodi, umeme wote wa betri utapita katika spana hiyo kwa mkupuo, na mkono ulioishika utaungua. Ukianza kuondoa hasi, hatari hiyo imekwisha. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi hufuata.

Maji ya moto yaliyeyusha unga ule kama sukari. Sajini hakuacha yamwagike juu ya nguo zake, na alimwonya koplo asisugue macho kwa vidole vyake mpaka anawe, kwa kuwa mna asidi ndani yake. Kisha kwa kisu cha jikoni na kipande cha msasa waliikwangua nguzo na ndani ya kishikio mpaka vyote viwili viking'aa. Hawakupaka kitu baina yake. Baada ya kukaza, walipaka grisi kidogo kwa juu, ili kuzuia unyevu. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Hata hivyo gari halikuwaka. Lilizunguka mara mbili kwa uzito na kusimama. Kosa la kwanza lilikuwa limeondoka, lakini yale majaribio kumi na moja yalikuwa yameimaliza betri, na baridi ilikuwa imemaliza yaliyobaki. Ilibidi kuazima umeme.

Kazi ya kuazima umeme hufanywa kila siku katika viwanja vya magari, na pengine kwa sababu hiyo hufanywa vibaya. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja juu yake yaweza kuipasua na kumrushia mtu asidi usoni. Kwa hiyo waya huunganishwa kwa mpango. Waya mwekundu hutangulia kufungwa kwenye nguzo chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye nguzo chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanzia kwenye nguzo hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho haifungwi kwenye betri iliyokufa hata kidogo, bali kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lile, mbali na betri. Cheche ikitokea, na kwa kawaida hutokea pale ncha ya mwisho inapogusa, itatokea mbali na gesi. Gari la kusaidia huachwa likinguruma dakika tano hivi ili kuitia nguvu betri iliyoisha, ndipo la pili lijaribiwe. Likishawaka, waya huondolewa kwa kurudi nyuma: uliofungwa mwisho hutoka kwanza.

Askari wa kambini anapaswa kujua jambo moja zaidi, ambalo raia huenda asikutane nalo. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Gari dogo la volti 12 lisiazime umeme kwa lori la namna hiyo hata kama lori ndilo lililo karibu na dereva wake ni rafiki. Volti 24 zitaunguza ubongo wa umeme wa gari dogo, na bei ya ubongo huo inazidi ya betri kadhaa.

Jirani wa nyumba ya nne alikuwa na pikapu ya volti 12. Saa nane na dakika arobaini Kikumi iliwaka, na mama akaketishwa kiti cha nyuma akiwa na jirani mwanamke kando yake. Kutoka kambini hadi hospitali ya mkoa si safari ndefu. Lakini mwendo mfupi kwa mwenye afya ni mrefu kwa mwenye uchungu, na teremko la barabara lilikuwa na ukungu.

Watu waliobaki uwanjani walianza, kama kawaida, kutoa hukumu. Mmoja alisema betri ilikuwa mbovu, na koplo amwone mwuza betri asubuhi. Mwingine alisema baridi ya Kabale ndiyo mchawi, kwa kuwa koplo alikuwa amehamishwa kutoka Gulu miezi minne tu iliyopita na huko gari halikumsumbua hata siku moja. Huyu wa pili alikuwa na nusu ya ukweli. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili ya injini kuwa nzito, hivyo stata hudaiwa zaidi wakati betri ina kidogo cha kutoa. Lakini kinachoiua betri hasa ni joto. Katika nchi ya joto maji ya betri hupungua upesi na sahani za risasi huliwa haraka. Betri huugua polepole kaskazini, nayo hailalamiki, maana injini yenye joto ni nyepesi kuzungusha. Kisha mwenye nayo akahamishiwa milimani, na katika asubuhi ya kwanza ya baridi kali ugonjwa ule wa zamani ukaonekana. Kwa askari ambaye barua ya uhamisho yaweza kumfikia wakati wowote, kuipima betri kabla ya kupanda kutoka Gulu au Moroto kwenda Kabale si jambo la anasa.

Kipimo chake ni mita ndogo ya volti, ambayo hata mafundi wa redio wanayo. Betri nzima ya volti 12, iliyolala usiku kucha bila kutumika, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya nguvu yake. Ikisoma chini ya 12 imekwisha. Stata inapozunguka, isomwe tena: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi ilhali ilikuwa imechajiwa vizuri, betri hiyo imechakaa. Injini ikiwa inanguruma, mita isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Isipofika huko, mwizi ni altaneta au mkanda wake, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani. Betri yenye vifuniko inafaa pia kuchunguliwa ndani: sahani zikionekana juu ya maji, iongezwe maji ya betri, si ya bomba wala ya kisima, ambayo yana chumvi za kuziharibu sahani.

Yote hayo yanahusu gari lisilozunguka. Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu na injini haishiki, mtu ageukie cheche na petroli, na hapo umri wa gari ndio unaoamua njia. Askari wa zamani walijifunza haya kwenye Land Rover za mfululizo wa kwanza hadi wa tatu, zilizotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1948 hadi 1985. Ndani ya distributa mlikuwa na pointi, vile vipande viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga, na asubuhi za mvua unyevu uliingia chini ya kifuniko chake na kuzuia cheche. Dereva alikifungua, akakipangusa kwa kitambaa kikavu, akasafisha pointi kwa msasa mwembamba, akapima uwazi wake, na kwa kawaida safari iliendelea. Hata betri ikifa, Land Rover hizo zilikuwa na tundu mbele la kuingiza mkono wa chuma wa kuzungushia injini. Mkono huo ulivunja mikono mingi duniani, kwa kuwa injini ilipowaka kabla ya wakati ulirudi nyuma kwa ghafula. Ndiyo sababu madereva waliofundishwa vyema waliushika dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, si kuuzunguka. Stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering wa Marekani na kufungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, ndiyo iliyowaondolea watu balaa hilo.

Magari ya siku hizi hayana pointi wala kabureta. Mwaka 2018 Uganda ilizuia kuingizwa nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, lakini yaliyokuwa yameingia kabla yake bado yako barabarani kwa wingi, nayo ni ya sindano ya petroli. Katika magari mengi ya namna hiyo, ufunguo ukifunguliwa bila kuwasha stata, pampu iliyo ndani ya tangi huvuma kwa sekunde mbili hivi. Mtu mmoja akiweka sikio karibu na kiti cha nyuma atausikia mvumo huo. Usiposikika, fyuzi na rilei ya pampu zitazamwe kwanza. Ila katika baadhi ya Toyota za zamani pampu haivumi mpaka stata izunguke, kwa hiyo ukimya peke yake usimfanye mtu kuteremsha tangi. Na kabla ya yote hayo, tangi lenyewe. Kipimo cha petroli katika gari la miaka thelathini kinaweza kusema robo wakati tangi ni kavu. Mafundi wenye umri hutingisha gari na kusikiliza kama kuna mchakacho nyuma. Hawaoni haya kufanya hivyo, na mara nyingi hawaendi mbali zaidi ya hapo.

Harufu kali ya petroli baada ya majaribio mengi ni habari nyingine. Plagi zimelowa. Dawa yake ni kungoja dakika kumi, kisha kukanyaga pedali mpaka chini na kuizuia hapo huku stata ikizunguka, ili hewa nyingi iingie. Magari mengi ya sindano yakiona pedali iko chini kabisa hukata petroli yenyewe. Stata isizungushwe zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja, na kati ya jaribio na jaribio ipumzishwe nusu dakika au zaidi, la sivyo itaungua.

Taa yenye picha ya ufunguo au gari dogo ikimeta-meta kwenye dashibodi wakati stata inazunguka, gari halimtambui mwenyewe. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna kijidude kinachosalimiana na gari, na ufunguo uliochongwa mtaani bila kijidude hicho hufungua mlango lakini hauwashi injini. Ujaribiwe ufunguo wa pili. Na ikiwa injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa mlio laini usio na mapigo, mwenye gari aache kabisa kujaribu: huenda mkanda wa taimingi umekatika, na katika injini nyingine kila mzunguko wa ziada unaweza kupinda valvu.

Dizeli haina plagi za cheche, hivyo orodha yake ni fupi. Asubuhi ya baridi plagi za joto zipewe muda. Ile taa yenye picha ya waya uliosokotwa izimike ndipo stata izungushwe. Gari lililoishiwa dizeli njiani haliwaki kwa kujazwa tu, maana hewa imeingia katika mirija. Skrubu ya kutolea hewa hulegezwa na pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio hubonyezwa mpaka dizeli itoke bila povu.

Kuhusu kusukuma, vijana wa kambini hupenda kusukuma gari kuliko kulichunguza. Gari la gia za mkono laweza kuwaka hivyo, ufunguo ukiwa umefunguliwa, gia ikiwa ya pili na klachi ikiachiwa kwa mkupuo. La gia zinazojiendesha haliwaki kwa kusukumwa, hata kikosi kizima kikijipanga nyuma yake.

Kuna nyumba nyingine ambazo tatizo lake ni tofauti. Tangu mwezi wa Machi mwaka 2007 askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia katika kazi ya kulinda amani ya Umoja wa Afrika, na magari yao hubaki yameegeshwa miezi mingi. Mke hulitazama gari dirishani, siku mtoto anapougua huenda kuliwasha, nalo halijibu. Saa ya gari, redio na king'ora huendelea kunyonya betri kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa, na betri ya risasi ikiachwa tupu kwa muda hufanya ukoko juu ya sahani zake usiotoka tena. Askari anayeondoka aondoe waya wa upande hasi na kuuacha kando, au amwonyeshe mkewe namna ya kuuondoa. Kuwasha injini kwa dakika tano kila Jumapili, ambako wengi hushauriana, hakurudishi hata kile ambacho stata imekula. Gari liendeshwe nusu saa, au betri ipelekwe kuchajiwa kila mwezi. Na kabla ya kuliwasha gari lililolala muda mrefu, boneti ifunguliwe kwanza, kwa kuwa panya hupenda kujenga humo na kukata waya.

Mtoto wa koplo, msichana, alizaliwa saa kumi na moja alfajiri. Jioni yake koplo alilirudisha gari kambini, akaiacha betri ichajiwe usiku wote kwa sajini, na asubuhi wakaipima. Ilisoma volti 12.6, na stata ilipozunguka haikushuka chini ya 10. Vyumba viwili vilihitaji maji ya betri. Fedha alizokuwa ameanza kuzihesabu kwa ajili ya betri mpya zilibaki mfukoni, zikanunua sukari, sabuni na kitambaa cha kumbebea mtoto, pamoja na spana moja namba 10, ambayo mama alisema itundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango, karibu na tochi.